Sanaa ya sauti si "lugha ya dunia nzima"

Muziki wa kielektroniki ukitajwa tu, hakosekani mtu wa kusema kuwa ni "lugha ya dunia nzima". Kauli hiyo inanikera, kwa sababu inaficha kile hasa kinachowaunganisha wasikilizaji.

Maana yenyewe ni fupi. Muziki wa kielektroniki ni ule ambao sauti zake zimezalishwa au kugeuzwa kwa umeme. Sanaa ya sauti ni pana zaidi: sauti ndiyo kazi yenyewe, iwe na mdundo au isiwe nao, na mara nyingi mahali inaposikika ni sehemu ya kazi hiyo. Wala haikungoja kompyuta. Mwaka 1944, jijini Cairo, mtunzi Mmisri Halim El-Dabh alirekodi kwa mashine inayonasa sauti kwenye waya sauti za wanawake katika ngoma ya kupunga pepo iitwayo zaar, kisha akazichezea katika studio ya redio hadi zikawa mvumo na mwangwi.

Sasa tuje kwenye lugha. Lugha husimama juu ya makubaliano: ukisema "maji", kila ajuaye Kiswahili anajua unataka nini. Mlio wa sintesaiza, ala inayozalisha sauti kwa umeme, hauna makubaliano hayo. Mmoja unamtuliza, mwenzake unamtia hofu, na hakuna kamusi ya kuwaamua.

Tazama kazi ya mtunzi Mmarekani Alvin Lucier ya mwaka 1969. Alijirekodi chumbani akisoma maelezo mafupi ya Kiingereza, kwa sauti yenye kigugumizi. Akaicheza rekodi hiyo kwa spika chumbani humo humo, akairekodi upya, kisha akaicheza ile mpya, akarudia tena na tena. Kila mara, milio inayoafikiana na ukubwa na umbo la chumba inakua, mingine inafifia. Mwanzoni unashika kila neno. Baadaye konsonanti zinalainika, silabi zinashikana, na mwishoni hubaki mvumo unaopanda na kushuka kwa mwendo wa usemi wake.

Asiyejua Kiingereza huanza akiwa nyuma ya wenzake. Maneno yakishayeyuka, wote wako sawa. Lakini hawajaambiwa jambo moja. Wamesikiliza chumba kimoja, kwa wakati mmoja, na muungano wao uko hapo.

Basi anayetaka kuusifu muziki huu aseme kuwa unawawezesha wasioelewana kusikiliza pamoja. Asiwaahidi kwamba wataelewana, maana aliyetoka na huzuni na aliyetoka na furaha wote wamesikia sawasawa.