Je, Wajua? Wimbo Kusikilizwa Mara Moja Hakuna Bei

Wasanii wawili wa kujitegemea, wasio na lebo wala meneja, wamesikilizwa mara laki moja kila mmoja, katika jukwaa lilelile la kusikiliza muziki mtandaoni na mwezi uleule. Taarifa za mapato zinapofika, mmoja amelipwa mara kadhaa zaidi ya mwenzake, na hakuna aliyeibiwa wala hesabu iliyokosewa. Inakuwaje?

Kwa muda mrefu ningejibu kwamba mmoja wao amepunjwa na msambazaji wake, yaani kampuni inayopeleka nyimbo zake kwenye majukwaa na kumfikishia malipo, kwa sababu niliamini kuwa kila jukwaa lina bei ya kusikilizwa mara moja, kama nauli iliyobandikwa kwenye kioo cha basi. Kwa imani hiyo niliandaa bajeti ya wimbo ambao haukuwa umerekodiwa bado: nilichukua kiwango nilichokikuta mtandaoni, nikakizidisha kwa idadi niliyoitarajia, kisha nikapanga gharama za studio na za video kwa kutegemea jibu hilo. Fedha ilipoingia haikukaribia hesabu yangu, na mwezi uliofuata wimbo ulisikilizwa zaidi lakini ukalipwa kidogo zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba chenyewe kilikuwa kikibadilika ukubwa kila mwezi.

Kosa hili lina chanzo chake. Mwaka 2021 Apple, yenye jukwaa la Apple Music, iliwaandikia wasanii ikieleza kwamba malipo yake kwa wimbo kuchezwa mara moja ni wastani wa dola 0.01 ya Marekani, na barua hiyohiyo ikabainisha kwamba kiwango hutofautiana kulingana na nchi na aina ya usajili. Wengi tulikariri nambari tukaliacha neno "wastani". Wastani huo hupatikana baada ya mgawo kukamilika: fedha zote zilizolipwa hugawanywa kwa idadi yote ya kusikilizwa, na kinachotoka hufanana na bei ingawa hakuna aliyewahi kulipwa kwa bei hiyo. Kupanga bajeti kwa nambari ya namna hii ni sawa na kupima urefu wa wanafunzi wa darasa zima, kupata wastani, kisha kumshonea kila mmoja sare ya kimo hicho. Isitoshe, ile senti ilihesabiwa kwa wenye haki wote za wimbo kwa pamoja, zikiwemo lebo zinazomiliki rekodi na wachapishaji wanaosimamia haki za watunzi.

Utaratibu halisi unafanana zaidi na kapu. Kila mwezi jukwaa hutia kapuni sehemu ya mapato ya ada na ya matangazo. Spotify, kwa mfano, imekuwa ikieleza kuwa takriban theluthi mbili ya mapato yake ya muziki huenda kwa wenye haki. Mwezi ukiisha, huulizwa swali moja tu: kati ya nyimbo zote zilizosikilizwa, zako ni asilimia ngapi? Asilimia hiyo ndiyo fungu lako. Kwa hiyo, usikilizaji wako ukiongezeka kwa asilimia 10, wa jukwaa zima ukaongezeka kwa asilimia 20, na kapu likabaki lilivyokuwa, fungu lako litapungua katika mwezi uliofanya kazi nzuri kuliko uliotangulia.

Tena kapu si moja. Kila nchi ina lake, na ndani ya nchi moja fedha za wanaolipa ada hutengwa na zile za akaunti za bure zenye matangazo. Hapa ndipo msanii ambaye wasikilizaji wake wako katika eneo lake tu anapotofautiana na mwenzake ambaye wasikilizaji wake wametawanyika nchi nyingi: analishwa na makapu ya eneo lake, na pale ambapo ada ni ndogo na wengi hutumia akaunti za bure, makapu hayo huwa mepesi. Siku nilipolifungua jedwali la msambazaji badala ya kuishia kwenye jumla, nilikuta wimbo mmoja umegawanyika katika mistari zaidi ya kumi, kila mstari na nchi yake, aina ya usajili, idadi, na kiasi chenye tarakimu nyingi nyuma ya nukta. Niligawanya kiasi kwa idadi, mstari kwa mstari, na sikupata majibu mawili yaliyolingana.

Ajabu kubwa zaidi inaonekana kapu likiwa na watu wawili tu. Tuseme kila mmoja ametia fedha sawa. Wa kwanza amesikiliza nyimbo mara 900, wa pili mara 100, na zote 100 ni zako. Ungedhani utapata nusu ya kapu, yaani fedha yote ya shabiki wako, lakini utapata sehemu ya kumi, na fedha yake iliyobaki itawaendea wasanii ambao hajawahi kuwasikiliza. Mwaka 2021 SoundCloud ilianza kuwalipa wasanii wa kujitegemea kwa njia tofauti, ambapo ada ya shabiki huwafuata wale aliowasikiliza. Msanii mdogo asishangilie mapema, hata hivyo: utafiti wa Ufaransa uliotolewa mwaka huohuo na Centre national de la musique, kituo cha taifa cha muziki cha nchi hiyo, ulionyesha kwamba kwa wenye wasikilizaji wachache badiliko hilo lingeleta euro chache tu kwa mwaka. Ulitumia takwimu za Ufaransa, kwa hiyo kuyahamishia matokeo yake katika eneo lenye ada na mazoea mengine kunahitaji tahadhari.

Kuna pia vizingiti. Spotify huhesabu kusikilizwa baada ya sekunde 30, na tangu mwaka 2024 rekodi isiyofikisha mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita haiingii katika mgawo kabisa.

Fedha inayofika kupitia msambazaji ni ya rekodi pekee. Utunzi wa wimbo ni haki nyingine, na mirabaha yake hupita njia yake, kwa kawaida kupitia vyama vya kukusanya mirabaha ambako mtunzi hana budi kujisajili. Mimi nilikuwa nimetunga na kurekodi mwenyewe, na lile jedwali nililokesha nikigawanya mistari yake lilikuwa la haki moja tu.