Je, wajua kwa nini moyo uliozibuliwa leo haukimbizwi kesho?

Mtu aliyewekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wa moyo ubaki wazi, asubuhi anaweza kulala nyumbani kwake usiku uleule, au kesho yake. Mshipa uliokuwa umeziba sasa unapitisha damu, kifua kilichokuwa kikibana kwa ngazi chache tu kimetulia, na mwenyewe anajiona mzima kabisa. Halafu anapewa masharti: asibebe mzigo, asipande mlima, atembee dakika chache kisha apumzike. Anashangaa. Kama njia imeshafunguliwa, anazuiwa nini?

Kilichofunguliwa ni mshipa mmoja au miwili, ilhali sehemu nyingine kadhaa za mwili zimeguswa, na kila moja inapona kwa muda wake. Inayopanga mwendo ni ile sehemu inayochelewa kupona, na mara nyingi si moyo.

Chukua lile tundu la kuingilia. Ili stenti ifike moyoni, mrija mwembamba hupitishwa ndani ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ya kinena au ya kifundo cha mkono. Damu ya ateri inasukumwa kwa nguvu, si kama ile ya mishipa inayotolewa damu ya vipimo. Juu ya ngozi inabaki alama ndogo isiyotisha, lakini chini yake kuna ukuta uliotobolewa, unaozibwa na damu iliyoganda. Mgonjwa akiinua ndoo iliyojaa au akijikamua sana chooni, presha hupanda ghafla na kizibo hicho kinaweza kuachia. Tena, dawa anazopewa ili damu isigandie ndani ya stenti ndizo hizohizo zinazochelewesha tundu kufunga. Ndiyo maana kwa siku chache hadi wiki moja hivi huambiwa asiinue zaidi ya kilo 4 au 5. Aliyeingiliwa mkononi hupona upesi kuliko wa kinenani, ila naye asiutumie mkono ule kujisukumia anapoinuka kitini. Damu ikianza kutoka, alale chini, pakandamizwe kwa nguvu bila kuachia kila mara kuchungulia, na msaada uitwe mara moja.

Kama stenti iliwekwa kwa sababu ya shambulio la moyo, kuna kidonda kingine kisichoonekana. Sehemu ya msuli wa moyo iliyokosa damu hufa, na mahali pake hujengeka kovu. Katika siku za mwanzo sehemu hiyo ni laini. Kovu huchukua wiki 6 hadi 8 hivi kukomaa. Wagonjwa wawili wenye stenti zinazofanana wanaweza basi kupewa ratiba tofauti kabisa, na hakuna haja ya mmoja kumwonea mwenzake wivu.

Upasuaji wa kufungua kifua ni habari nyingine. Mfupa wa kidari hukatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini, na kazi ikiisha hufungwa kwa nyaya za chuma. Nyaya zinashikilia tu. Mfupa lazima uunge wenyewe, na hilo huchukua wiki 6 hadi 12. Misuli mikubwa ya kifua imejishikiza hapohapo, kwa hiyo kila unapovuta mlango mzito au kujisukuma kwa mikono, unavuta pande mbili za mfupa ziachane. Hata kusimama kunajifunzwa upya. Unasogea hadi ukingoni mwa kiti, unarudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, unakumbatia mto kifuani, unainamisha kiwiliwili mbele mpaka pua ipite magoti, kisha mapaja ndiyo yanayokuinua. Mto huohuo ndio wa kukumbatia unapokohoa. Wataalamu wengi siku hizi hawamkatazi mgonjwa kutumia mikono kabisa. Wanamwambia abane viwiko karibu na mbavu na ashike kitu kikiwa karibu na mwili, kwa kuwa hapo mfupa hauvutwi sana.

Aliyewekewa betri ya moyo, yaani kifaa kinachoongoza mapigo, tatizo lake ni waya unaotoka kwenye kifaa hicho. Ncha yake imenaswa ndani ya moyo na inahitaji muda kushikana na nyama, hivyo mkono wa upande ule hauinuliwi juu ya bega kwa wiki 4 hadi 6. Wengine huogopa mno wakaubana mkono ubavuni muda wote, bega likakauka. Mkono usiinuliwe juu ya bega, lakini chini ya bega utumike.

Kwa masharti yote hayo, mtu anaweza kuamua kwamba salama zaidi ni kulala. Zamani madaktari nao waliamini hivyo. Hadi katikati ya karne ya 20, aliyepata shambulio la moyo alilazwa chali wiki 4 hadi 6, pengine bila kuruhusiwa kujilisha. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, madaktari wa Boston nchini Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa waliowatoa kitandani mapema na kuwakalisha kwenye kiti cha mikono. Ni kukaa tu, wala si kutembea, lakini kwa wakati ule jambo hilo lilionekana hatari. Baadaye ikaeleweka kwamba kitanda chenyewe kilikuwa kikiongeza madhara: damu kuganda miguuni, mapafu kujaa, misuli kunyauka.

Jaribio moja la Dallas la mwaka 1966 lilionyesha ukubwa wa hasara hiyo. Vijana 5 wenye afya njema, wa miaka 20 hivi, walilazwa kitandani wiki 3. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeporomoka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watu walewale walipimwa tena, wakiwa wamenenepa na kuzeeka. Wiki 3 za kitanda zilikuwa zimewapunguzia uwezo kuliko miaka 30 ya umri.

Faida ya kutembea basi haiko moyoni peke yake. Misuli ya miguu iliyozoeshwa hujifunza kuchukua oksijeni nyingi zaidi kutoka kwenye damu ileile, na moyo unaombwa kusukuma kidogo kwa kazi ileile. Mtu anauondolea moyo mzigo kwa kufundisha mapaja.

Sasa, kiasi gani kinatosha? Wengi hukimbilia kuhesabu mapigo kwa saa ya mkononi. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi wa moyo hutumia dawa za kupunguza mapigo, na dawa hizo hushikilia mapigo chini hata mwili ukiwa umeelemewa. Saa itasema uko sawa huku unatweta. Kipimo cha kuaminika zaidi ni mdomo: ukiweza kuzungumza sentensi nzima huku unatembea, kasi ni nzuri, ukikata maneno ili uvute pumzi, punguza. Mtaalamu wa saikolojia wa Uswidi, Gunnar Borg, alitengeneza ngazi ya kukadiria uzito wa kazi kwa hisia, inayoanza na 6 na kuishia 20. Haikuanza na 1 kwa sababu alitaka namba anayoitaja mtu ikizidishwa kwa 10 ikaribie mapigo ya mtu mwenye afya. Wanaopona moyo kwa kawaida hutakiwa kubaki kwenye 11 hadi 13, yaani kati ya kazi nyepesi na ile inayoanza kuwa ngumu kidogo.

Kinachowaangusha wengi ni siku nzuri. Mgonjwa anaamka na nguvu, anafua, anapanga chumba, anatembea mara mbili ya jana. Kesho yake hainuki, na anapumzika siku mbili. Uchovu wa aina hii huja kwa kuchelewa, kwa hiyo mazoezi ya leo yapimwe kwa hali ya kesho asubuhi. Ongeza dakika kwanza, kasi baadaye, mlima mwisho kabisa. Kazi za mikono iliyoinuliwa, kama kuanika nguo kwenye kamba ya juu, hupandisha mapigo na presha kuliko kutembea, hata kama hazionekani kuwa nzito. Usizuie pumzi unapojitahidi. Na usisimame ghafla baada ya kutembea kwa kasi: misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayosaidia kurudisha damu juu, ikisimama damu hubaki miguuni na kizunguzungu kinakuja, hasa kwa anayetumia dawa za presha.

Maumivu ya kifua, pumzi kukatika ukiwa umekaa, mapigo yanayoruka ovyo au kuzirai ni vya kutafutiwa msaada mara moja, na maumivu yasiyoisha kwa kupumzika ni dharura. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 2 au 3, huenda ni maji yanayojaa mwilini, kwa hiyo mpigie daktari wako.

Swali ambalo wagonjwa huona aibu kuliuliza ni la tendo la ndoa. Madaktari hulilinganisha na kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida. Anayeweza hilo bila kifua kubana wala pumzi kukatika kwa kawaida huruhusiwa, mfupa au tundu likishapona.

Ajabu kubwa zaidi iko kwa waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine. Neva zinazouunganisha moyo na ubongo hukatwa wakati wa upandikizaji. Moyo mpya hauambiwi kwamba miguu imeanza kutembea. Unasubiri adrenalini, homoni ya kuharakisha mapigo, ije na damu, na hilo huchukua dakika kadhaa. Ukiwa umepumzika hupiga haraka, mara 90 hadi 110 kwa dakika, na zoezi likiisha hukawia kutulia. Kwao kuanza polepole na kumaliza polepole ni lazima, angalau mpaka neva zianze kuota tena, jambo ambalo kwa baadhi yao hutokea kidogokidogo baada ya mwaka au zaidi.