Gigabaiti mbili zenye jina moja

Juzi nimeyasikia tena, kwenye meza ya fundi: "Kaka, nilikuachia diski ya GB 500, mbona unanirudishia 465?" Kijana laptopu yake ilikuwa imepigwa Windows upya, diski imefomatiwa yote. Fundi akaapa kwamba hajagusa hata skrubu moja. Kijana hakuridhika. Nilisikitika, maana wote wawili walikuwa wanasema kweli na walikuwa wanakaribia kugombana.

Gigabaiti ni baiti bilioni moja. Baiti ni biti nane (biti ni 0 au 1), nafasi inayotosha herufi moja ya kawaida. Maana ni hiyo tu, na ugomvi usingekuwepo kama kila mtu angeishika hivyo.

Shida imeanzia kwenye neno kilo. Kilo ni Kigiriki, maana yake elfu, na Wafaransa ndio walioliingiza kwenye vipimo mwaka 1795. Mega ni kubwa, giga ni jitu, tera ni zimwi. Mfumo wa kimataifa wa vipimo ulipopitishwa mwaka 1960, mega ikawa milioni, giga bilioni, tera trilioni, kila moja mara elfu ya iliyotangulia. Muuza sukari analijua hilo: kilo ni gramu 1,000.

Wahandisi wa kompyuta wakaja na hesabu yao. Kwenye memori, kila waya wa anwani (waya wa kuchagua nafasi ya kuandikia) unaouongeza unazidisha nafasi mara mbili: 2, 4, 8, 16. Ukifika waya wa kumi una nafasi 1,024. Wakaona 1,024 inakaribiana na elfu, wakaiita kilo. Wakati ule tofauti ilikuwa asilimia 2.4 tu. Lakini kosa hilo hukua kila unapopanda ngazi: kwenye mega ni karibu asilimia 4.9, kwenye giga 7.4, kwenye tera karibu 10. Disketi ya zamani iliyoandikwa MB 1.44 ilichanganya zote mbili: ilikuwa na baiti 1,474,560, yaani 1,440 mara 1,024, halafu ile 1,440 wakaigawa kwa elfu. Hiyo megabaiti si milioni kamili, wala si 1,024 mara 1,024.

Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilitoa majina mapya ili kumaliza mkanganyiko: kibi, mebi, gibi. Ile "bi" ni ya binari. Gibibaiti ni baiti 1,073,741,824 na alama yake ni GiB. Gigabaiti ikabaki bilioni kamili. Kwangu hili ndilo jambo la kushika, na ndilo linaloniuma likipuuzwa, kwa sababu jina sahihi lipo miaka yote hii na Windows bado inahesabu gibibaiti halafu inaandika GB. Apple walibadilisha mwaka 2009, kompyuta zao zikaanza kuhesabu kwa elfu kama wenye viwanda vya diski. Diski ile ile ikaanza kusomeka 500 bila mtu kuiongezea chochote.

Nilimwomba fundi afungue Disk Management, sehemu ya Windows inayoonyesha diski na vipande vyake. Diski ya kijana ilisomeka 465.76 GB. Diski nyingi za 500 zina baiti 500,107,862,016. Tukatoa simu, tukagawa namba hiyo kwa 1,073,741,824. Ikaja 465.76. Wewe pia unaweza kujaribu: bofya kulia kwenye C, kile kipande cha diski chenye Windows, ingia Properties, utaona kwenye mstari mmoja namba ndefu ya baiti na pembeni yake namba fupi ya GB. Ni kitu kimoja kimepimwa kwa vipimo viwili.

Kwa hiyo ule usemi kwamba "fomati imekula GB 35" tuuache. Kufomati NTFS, yaani mpangilio wa mafaili wa Windows, kunachukua megabaiti kadhaa kwa ajili ya orodha ya mafaili, haifiki hata gigabaiti moja. Windows yenyewe inachukua nafasi kubwa, lakini hiyo huonekana kwenye nafasi iliyotumika. Ukubwa wa diski haupungui.

Kupotea kwa kweli kupo pia, na hapo fundi anapaswa kuulizwa. Kama diski ya 500 inasomeka 200 na hakuna D, yaani kipande cha pili, rudi Disk Management utafute kipande chenye ufito mweusi kilichoandikwa Unallocated: kimesahaulika wakati wa kugawa, bado kipo, kinahitaji tu kuundwa. Diski ya TB 3 ikiishia kwenye 2048 GB, imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR ambao hauwezi kuvuka hapo. Inataka mtindo mpya wa GPT, na kama kuna mafaili yahamishe kwanza. Na kama Windows ilipigwa juu ya ile ya zamani bila kufomati, angalia folda ya Windows.old, ambamo ile ya zamani huwekwa na kuendelea kula nafasi.

Kijana aliuliza kwa nini basi hakuiona 465 tangu aliponunua. Fundi akamkumbusha kwamba diski ilikuwa imegawanywa C na D. C ilikuwa mia moja, akasema, na D mia tatu sitini na kitu. Alikuwa hajawahi kuzijumlisha.

Basi, mdogo wangu, ulimwachia fundi gibibaiti 465 na amekurudishia gibibaiti 465. Dukani waliziita gigabaiti 500, na wao pia hawakukudanganya.