Mshale wa sukari: maana yake kwa kijana mwenye kisukari anayecheza

Mshale wa sukari ni alama inayoonyesha sukari ya mwilini inaelekea wapi: inapanda, imetulia au inashuka. Hutokea kando ya namba kwenye simu ya mtu aliyevaa kihisi, kile kidude kidogo kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kwa siku 10 hadi 15. Namba husema sukari ni ngapi sasa hivi, mshale husema inakokwenda. Kwa kijana anayetaka kucheza, mimi naupa mshale uzito zaidi.

Chukua binti wa miaka 15 wa Makorora, Tanga, mwenye kisukari aina ya kwanza, kile ambacho mwili hautengenezi insulini na lazima ichomwe kwa sindano, anayetaka kwenda Raskazone kwa baiskeli jioni akaogelee. Kihisi kinasoma 7.0 (namba zote hapa ni millimoli kwa lita). Mshale ukiwa umelala, aende, na kitu kitamu mfukoni. Ukielekea chini wima, kwenye vihisi vingi maana yake sukari inapungua kwa zaidi ya 0.1 kila dakika. Piga hesabu: baada ya nusu saa atakuwa amepoteza 3 au zaidi, yuko kwenye 4.0 au chini yake, na huenda wakati huo yumo majini. Chini ya 3.9 ndiyo tunasema sukari imeshuka.

Kwa nini inashuka hivyo? Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila msaada wa insulini, homoni inayoingiza sukari mwilini kutoka kwenye damu. Kwa asiye na kisukari, kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, huipunguza mara tu mazoezi yanapoanza. Lakini kwa binti huyu, insulini iliyokwisha kuchomwa kwa sindano haipunguziki. Inaendelea na kazi yake huku msuli nao ukivuta. Mbio fupi za kasi au mechi yenye presha zinaweza kufanya kinyume, zikaipandisha sukari kwa muda.

Na joto la Tanga huficha mengi. Jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio: hizo ni dalili za sukari kushuka, na ndiyo hali ya kila mchezaji uwanjani saa kumi jioni. Wenzake watamwambia akaze, kumbe anahitaji vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Mwalimu wa michezo ajue hilo kabla ya siku ya mechi.

Kihisi nacho kina udhaifu wake. Hakipimi damu, kinapima majimaji yaliyo chini ya ngozi, hivyo huchelewa dakika kadhaa, na mchezoni ndipo sukari inapokimbia. Kijana akijisikia vibaya huku simu ikionyesha sukari nzuri, atoboe kidole apime damu yenyewe.

Familia nyingi haziwezi kununua kihisi kila baada ya wiki mbili. Mshale hata hivyo unaweza kutengenezwa kwa mashine ya kawaida ya kupimia sukari: pima nusu saa kabla ya mchezo, pima tena wakati wa kufunga viatu. Ikitoka 9.2 ikaja 7.1, huo ni mshale wa kushuka. Ale ndizi mbivu au andazi, asubiri kidogo. Najua vijiti vya kupimia huhesabiwa kimoja kimoja nyumbani. Lakini kijiti hiki cha pili ndicho kinachomruhusu mtoto kucheza badala ya kukalishwa nje kwa hofu, na mtoto wa umri huu anahitaji walau dakika 60 za kujishughulisha kila siku, mwenye kisukari na asiye nacho.

Kilichobaki ni usiku. Misuli hurudisha akiba yake ya sukari baada ya mchezo, kwa hiyo sukari huweza kushuka baada ya muda wa saa 7 hadi 11 tangu mchezo uishe. Mpira uliokwisha saa kumi na mbili jioni unaweza kumwangusha kuanzia saa saba usiku hadi alfajiri. Mwenye kihisi huweka kengele yake. Asiye nacho apimwe kabla ya kulala, na siku za mechi mama aweke simu imwamshe saa nane usiku ampime tena.