Mwenyekiti Kasema Nini? Dhana Potofu Kuhusu Mtindo wa Kuzungumza na Uongozi

Dhana: Kiongozi ni mwenye sauti.

Kwenye uchaguzi wa vikundi hapa Lamu, iwe BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, au chama cha akina mama, mara nyingi kura humwendea anayeshika kipaza sauti bila kutetemeka. Sikatai kwamba sauti kali ina mahali pake. Siku ya mashindano ya mashua, upepo ukigeuka nahodha haombi maoni, anaamrisha. Lakini nahodha huyo huyo akiamrisha hivyo katika kikao cha kugawa fedha, wenye hoja watanyamaza, naye atarudi nyumbani akidhani wamekubali.

Dhana: Asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na uso, maneno ni asilimia 7 tu.

Hii hurudiwa karibu kila semina ya uongozi. Chanzo chake ni majaribio ya mwaka 1967 ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Washiriki walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, na katika jaribio jingine wakaonyeshwa pia picha za nyuso, kisha wakakisia msemaji ana hisia gani. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake inahusu hisia na mapendeleo tu, si kila mazungumzo. Mweka hazina akisoma taarifa ya mapato, jaribu kuifahamu kwa kumtazama uso!

Dhana: Anayezunguka maneno ni mnafiki au mwoga.

Hapa ndipo wageni na wenyeji hupishana sana. Kijana anamletea mwenyekiti mzee ombi la mkopo. Mzee anamuuliza hali ya wazazi, anamsifu kwa bidii yake, anamwagizia kahawa, kisha anasema, "Haya mwanangu, tutaliangalia." Waliokaa barazani wameshajua kwamba ombi limekataliwa, na kijana kahifadhiwa uso wake. Afisa wa mradi aliyetoka bara wiki iliyopita ameandika kwenye daftari: limekubaliwa. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliliandika jambo hili mwaka 1976: ziko jamii ambamo sehemu kubwa ya ujumbe hubebwa na uhusiano na mazingira, na ziko ambamo lazima kila kitu kitamkwe. Mzee hakudanganya. Ila akiwa anaongoza watu wa pande zote mbili, adabu yake peke yake haitoshi. Amwite afisa kando amwambie wazi kwamba mkopo haupo.

Dhana: Jaribio litakwambia wewe ni wa aina gani, basi.

Majaribio ya DISC, yale maswali ya kumpanga mtu katika aina ya tabia, yana asili yake katika nadharia ya William Moulton Marston ya mwaka 1928, lakini jaribio lenyewe si yeye aliyelitunga. Lilikuja baadaye, kwa mikono ya wengine. Tena unajijibia mwenyewe, kwa hiyo linapima unavyojiona. Mwalimu mkali darasani huwa mpole ajabu mbele ya mjomba wake. Ni aina gani huyo?

Dhana: Ujumbe wangu wa WhatsApp uko wazi.

Uko wazi kwako, kwa sababu unausoma kwa sauti yako. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake, akiwemo Nicholas Epley, walionyesha kwamba waandishi wa barua pepe walitarajia kejeli zao zieleweke kuliko zilivyoeleweka. Wasomaji walikaribia kubahatisha tu. "Njoo ofisini" ya mwenyekiti, bila salamu, kwa Mwamu, mtu wa Lamu, ni ugomvi tayari. Jambo zito mpigie simu.

Dhana ya mwisho ni kwamba ukiuliza "Mmefahamu?" na wote wakaitikia "Ndiyo," basi wamefahamu. Nani atamjibu mwenyekiti "La" mbele ya watu? Muulize katibu badala yake: "Kesho utaanza na lipi?" Akitaja jambo ambalo hukulikusudia, umeshajua maneno yako yalifika vipi, na bado kuna wakati wa kuyarekebisha.