Je, wajua kwa nini mwanamke wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya sekunde 53 katika bwawa la mita 50 alinyimwa rekodi ya dunia?

Aprili 2007, jijini Sydney, Libby Lenton wa Australia aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 52.99. Rekodi ya dunia ya wanawake ilikuwa 53.30, ya Mjerumani Britta Steffen. Shirikisho la kuogelea la dunia, FINA, likakataa kuutambua muda huo.

Sababu ilikuwa njia ya jirani, alikoogelea Mmarekani Michael Phelps. Zilikuwa mbio za kupokezana zinazochanganya wanaume na wanawake, na Lenton ndiye aliyeianzishia Australia. Kwa kawaida mwogeleaji wa kwanza katika kupokezana anaruhusiwa kudai rekodi, kwa kuwa yeye husubiri mlio wa kuanzia. Wanaomfuata huruka wakimwangalia mwenzao akikaribia ukuta, hivyo huokoa sehemu ya sekunde. Pan Zhanle wa China alivunja rekodi ya mita 100 kwa 46.80 kule Doha mwaka 2024 akiwa mwogeleaji wa kwanza wa namna hiyo. Mbio za mchanganyiko, hata hivyo, haziguswi na ruhusa hiyo.

Hofu iko kwenye maji yenyewe. Mwogeleaji mwenye kasi huacha wimbi ubavuni na nyuma yake, na aliye nyuma kidogo, akijibana karibu na kamba ya njia, anaweza kulidandia. Vigurudumu vya plastiki kwenye kamba huvunja wimbi, lakini haliishi lote. Sasa mfikirie Lenton: Phelps alimtangulia kwa takriban sekunde nne. Wimbi lake lingeweza kumsaidia mita chache za mwanzo tu, na baada ya Phelps kugeuka, alikuwa akimrudia usoni akimsukumia maji. Kwangu mimi, msaada aliopata, kama ulikuwepo, ni mdogo mno.

Yapo masharti ambayo siyapingi hata kidogo. Rekodi haitambuliwi baharini, na maji ya bwawa lazima yawe na chumvi chini ya gramu 3 kwa lita. Bahari ya Hindi ina kama gramu 35, nayo hukuinua mwili bila jasho lako. Wakenya wanayajua masharti ya namna hii kupitia Eliud Kipchoge: marathoni yake ya saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019 si rekodi, kwa sababu wakimbiaji waliomsindikiza kumwekea kasi walikuwa wakibadilishana njiani.

Kinachoniudhi ni suti. Machi 2008 Lenton, wakati huo akiitwa Trickett, alivaa suti mpya ya LZR Racer, akaogelea 52.88 na rekodi ikapita bila shida. Mwaka uliofuata zikaja suti za poliyurethani zilizomfanya mtu aelee juu zaidi, na kwenye ubingwa wa dunia wa Roma zikaanguka rekodi 43. Januari 2010 suti hizo zikapigwa marufuku, lakini rekodi zake zikaachwa vitabuni. Ile ya Mjerumani Paul Biedermann ya mita 400 mtindo huru, dakika 3:40.07, ilidumu hadi Aprili 2025, Lukas Märtens alipoogelea 3:39.96. Kwa karibu miaka 16, vijana waliovaa kaptula za kawaida walishindanishwa na vazi ambalo wangelivaa wenyewe wangefutiwa matokeo. Kama wimbi la jirani lilitosha kumnyima Lenton, rekodi za suti ile zilistahili orodha ya pembeni tangu siku ilipokatazwa.