Mwaka wa Ubingwa katika Hurlingi: Jinsi Taji la 1905 Lilivyoamuliwa Mwaka 1907

Mwaka wa ubingwa ni mwaka unaoandikwa pamoja na taji katika kumbukumbu za mashindano, nao huonyesha ni toleo lipi la mashindano lililoshindaniwa, si lazima siku ambayo mshindi alipatikana. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali kuielewa dhana hii, kwa kuwa mashindano ya CHAN 2024 yalichezwa Kenya, Tanzania na Uganda mnamo Agosti 2025, na jina lake halikubadilishwa. Lakini mahali ambapo tofauti hiyo ilikuwa desturi ya miaka mingi, wala si ajali ya mara moja, ni katika ubingwa wa Ayalandi wa mchezo wa hurlingi mwanzoni mwa karne ya 20.

Hurlingi ni mchezo wa kale wa Waayalandi, unaochezwa kwa fimbo ya mbao yenye mwisho bapa na mpira mdogo mgumu uliofunikwa kwa ngozi. Kanuni zake za kisasa zilisimamiwa na Chama cha Michezo cha Wagaeli, kilichoundwa katika mji wa Thurles tarehe 1 Novemba 1884, na ubingwa wa nchi nzima ukaanzishwa mwaka 1887. Fainali ya kwanza kabisa ilichezwa Birr tarehe 1 Aprili 1888, kwa hiyo hata toleo la kwanza lilivuka mwaka wake. Toleo la 1888 halikumalizika kabisa, kwa sababu wanamichezo wengi walisafiri kwenda Marekani kuonyesha michezo yao na kuchangisha fedha, na mpaka leo nafasi ya bingwa wa mwaka huo iko wazi.

Ucheleweshaji ulitokana kwanza na ngazi za mashindano yenyewe. Ingawa kumbukumbu hutaja kaunti, katika miaka hiyo aliyebeba jina la kaunti alikuwa klabu bingwa wa kaunti, ambaye aliruhusiwa kuongeza wachezaji kutoka klabu jirani. Kaunti ilipaswa kwanza kumpata bingwa wake wa ndani, kisha zikafuata mechi za jimbo, na baada ya hapo nusu fainali na fainali ya taifa. Mechi zilichezwa Jumapili, timu na mashabiki wakisafiri kwa treni, na jimbo moja likichelewa, majimbo mengine yalilazimika kungoja. Katika matoleo ya 1900 hadi 1903 iliongezwa ngazi nyingine juu ya hizo zote: bingwa wa Ayalandi alikutana na timu ya Waayalandi waishio London ili taji liamuliwe. Ndiyo maana taji la 1901 lilipatikana tarehe 2 Agosti 1903, London walipowafunga Cork 1-5 kwa 0-4, na mpaka leo hilo ndilo taji pekee la London katika ubingwa huo.

Matokeo hayo yanahitaji maelezo kidogo. Tarakimu ya kwanza ni magoli na ya pili ni pointi, na katika kipindi hicho goli moja lilihesabiwa kuwa sawa na pointi tatu, hivyo 1-5 ni jumla ya pointi nane.

Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoeleza zaidi tabia ya zama zile, ni pingamizi. Kushindwa uwanjani hakukuwa mwisho wa mashindano, kwa sababu timu iliyofungwa iliweza kupeleka malalamiko mezani kuhusu uhalali wa mchezaji wa upande wa pili, na viongozi wa chama wakiyakubali, mechi ilirudiwa au ushindi ulihamishwa. Toleo la 1905 ni mfano ulio wazi kuliko yote.

Fainali ya toleo hilo ilichezwa katika mji wa Tipperary tarehe 14 Aprili 1907, kila upande ukiwa na wachezaji 17. Cork waliwafunga Kilkenny 5-10 kwa 3-13, yaani pointi 25 kwa 22, na kwa hesabu ya uwanjani walikuwa mabingwa. Kilkenny wakapinga wakidai kwamba mlinda mlango wa Cork alikuwa askari wa akiba wa jeshi la Uingereza, jambo zito katika chama kilichojengwa juu ya hisia za utaifa na kilichowazuia askari na polisi wa serikali ya Uingereza kushiriki mashindano yake. Cork nao hawakukaa kimya, bali walijibu kwamba Matt Gargan wa Kilkenny alikuwa amekwisha kuichezea Waterford katika mechi za jimbo la Munster za mashindano hayohayo. Kila upande ukawa na doa, na uamuzi uliotolewa ni fainali kurudiwa. Tarehe 30 Juni 1907, huko Dungarvan, Kilkenny walishinda 7-7 kwa 2-9, tofauti ya pointi 13. Taji la 1905 likaandikwa kwa jina lao, na ushindi wa Cork wa mwezi Aprili ukabaki bila taji.

Matokeo ya mfumo huu yanaweza kumchanganya mtu anayesoma orodha ya mabingwa bila tarehe za mechi. Mwaka 1907 peke yake ulishuhudia mabingwa wawili, kwani baada ya Kilkenny kutwaa taji la 1905 mwezi Juni, Tipperary waliwafunga Dublin 3-16 kwa 3-8 tarehe 27 Oktoba na kutwaa lile la 1906. Taji la 1907 lilisubiri mpaka tarehe 21 Juni 1908, Kilkenny walipowashinda Cork kwa pointi moja tu, 3-12 kwa 4-8. Kwa hiyo, mtu akisema kwamba Kilkenny walitwaa mataji saba katika matoleo kumi ya 1904 hadi 1913, hesabu yake ni sahihi, lakini taji la kwanza kati ya hayo walilipata Juni 1906.

Pengo kati ya mwaka wa taji na siku ya fainali lilizibwa mwaka 1909. Fainali ya 1908 kati ya Tipperary na Dublin iliisha kwa sare mwezi Aprili mwaka huo, ikarudiwa Athy mwezi Juni, na Tipperary wakashinda 3-15 kwa 1-5. Tarehe 12 Desemba ya mwaka uleule, Kilkenny waliwafunga Tipperary hao 4-6 kwa 0-12 katika mji wa Cork na kutwaa taji la 1909, ambalo safari hii lilikuwa na tarehe inayolingana na jina lake. Fainali ya 1910, ambayo Wexford waliishinda, nayo ilichezwa Novemba 1910.

Pengo lilirudi muongo mmoja baadaye kwa sababu isiyohusiana na pingamizi wala treni. Vita vya uhuru dhidi ya Uingereza, na baada yake vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivuruga safari na mikusanyiko ya watu, hata fainali ya 1920 ikachezwa Mei 1922, na ile ya 1921 Machi 1923.